Mlima wa Moto Unaotunywesha Maji

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa jumuiya mjini Garissa, usiku baada ya taraweh. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, kwa kupunguza machache tu.)



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, dada zangu, na wazazi wetu mlioketi huko nyuma. Najua mmechoka. Mmefunga siku nzima katika joto hili la Garissa ambalo hata kivuli chake kina joto, mkafuturu, mkasali, na sasa mwaambiwa mkae tena msikilize mada. Kwa hivyo sitawapeleka mbali. Nataka tuzungumze kuhusu mawe. Ndio, mawe meusi, mazito, yenye vitundu vitundu kama mkate wa mofa.

Baadhi yenu mlikuwa nasi tulipokwenda Marsabit. Wengine mliona picha kwenye simu, na nikasikia mmoja akisema, "Walahi mmesafiri kilomita zote hizo kwenda kutazama shimo?" Basi mada ya leo ni jawabu kwa huyo ndugu yetu, na sitamtaja jina, maana yumo humu ndani na anacheka.

Sisi watu wa Garissa tumezaliwa katika ardhi tambarare. Toka hapa uende Modika, uende mpaka Dadaab, uende Liboi, ni mchanga na vichaka na mbingu. Kitu kirefu tunachokijua ni mnara wa msikiti na mlingoti wa simu. Mtoto anaweza kumaliza darasa la nane hajauona mlima kwa macho yake ila katika kitabu. Nguvu za maumbile tunazozijua ni mbili, jua na mto. Jua limetufundisha adabu: kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya maana, na hakuna nyumba ya mfugaji hapa ambayo haikuhesabu mizoga. Kisha mto nao ukachukua zamu yake. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji yalikata barabara ya Nairobi hapo ng'ambo Madogo, watu wakawa wanavuka kwa mashua. Haya yote tuliyaona. Lakini kuna nguvu ya tatu, iliyo chini ya miguu yetu, na hiyo hatuifikirii kabisa kwa sababu kwetu imenyamaza.

Tulitoka hapa baada ya sala ya Alfajiri, tukashika njia ya Modogashe, kisha tukakata kuelekea Garba Tulla. Mpaka hapo ni nchi tunayoijua. Ukikaribia Isiolo kuna mji unaitwa Kula Mawe. Jina lenyewe linatosha kukutahadharisha. Kutoka huko unaanza kuyaona, mawe meusi yametapakaa pande zote kama kwamba lori kubwa limepita likimwaga kokoto nchi nzima. Vijana wakaanza kuuliza: nani ameyaleta haya?

Yameletwa na milima ya Nyambene. Ile ile ya Meru. Sisi tunaijua Nyambene kwa jambo moja tu, miraa, na wengine wetu tunajua hata saa ambayo gari lake hufika mjini. Haya, leo mjue jambo la pili. Milima ile ni ya volkano. Uji wa mawe yaliyoyeyuka ulitoka huko ukatiririka hadi kwenye nyanda hizi, ukapoa, ukapasuka vipande vipande kwa jua na mvua, na vipande ndivyo hivyo mnavyoviona njiani. Udongo unaootesha miraa, na chai, na ndizi za Meru, ni majivu na mawe hayo hayo yaliyosagika kwa miaka mingi sana. Kwa hivyo ndugu yangu unayekaa na kifurushi chako kuanzia alasiri hadi usiku wa manane (nje ya Ramadhan, natumai), unatafuna matunda ya volkano bila habari.

Isiolo tukalala, asubuhi tukaondoka. Siku hizi barabara ya Marsabit ni lami tupu. Madereva wa zamani wa malori watawaambia njia hiyo ilikuwa namna gani, na watawaambia kwa uchungu. Unapita Archer's Post, Merille, Laisamis, Logologo, jua kali, nchi kavu, kisha polepole gari linaanza kupanda na wewe huoni kwamba unapanda. Hiyo ndiyo ajabu ya kwanza ya Marsabit. Tulizoea kudhani mlima wa volkano ni kama sufuria iliyofunikwa kifudifudi, umechongoka juu. Marsabit ni kama ngao iliyolazwa chini. Umejengwa na lava nyepesi iliyokuwa ikitambaa mbali kabla ya kuganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukaeneza zaidi ya kilomita mraba 6,000. Unaweza kuendesha gari saa nzima juu ya mlima na bado ukauliza mlima uko wapi.

Ghafla hewa ikabadilika. Baridi! Vijana wa Garissa wakaanza kutafuta masweta ambayo hawakubeba. Msitu mnene, ukungu, miti imening'inia ndevu za kuvu, na kote kuzunguka msitu huo ni jangwa. Ni msitu ule ule alioishi ndovu aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe karibu zifike chini, ambaye mwaka wa 1970 Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe kwa amri maalum. Alikufa 1974, na sanamu yake iko katika jumba la makumbusho Nairobi. Vijana walifurahi sana kusikia kwamba ndovu maarufu kuliko wote Kenya alikuwa na jina la Kiislamu.

Sasa twende kwenye hilo shimo.

Waborana na Wagabra wanaliita gof. Mlima wa Marsabit una mashimo ya namna hiyo yapatayo 22, na vilima vidogo vya majivu zaidi ya mia. Moja ya mashimo hayo, Gof Redo, liko karibu na mji, upande wa kaskazini. Unatembea kwenye nyasi na mawe, huoni kitu, halafu ardhi inakwisha. Inakwisha tu. Mbele yako kuna bakuli kubwa mno, kuta zake zimeteremka, na chini kabisa tukaona mbuzi wa watu, wadogo kama mchwa. Hakuna aliyesema neno. Tulikuwa zaidi ya thelathini, vijana ambao ndani ya basi hawakunyamaza tangu Garissa, na sasa hakuna sauti ila upepo. Kisha kijana mmoja wa Bulla Iftin akauliza kwa sauti ndogo, "Ustadh, nani alichimba hii?"

Nawaambia jibu kama nilivyomwambia. Dada zetu na mama zetu walioko hapa watanielewa kuliko wengine, maana kila siku ya mwezi huu wanakaanga sambusa. Mafuta yako motoni, yametulia, huyasikii. Tone moja la maji likiangukia humo linafanya nini? Linaruka, linapasuka, linakuunguza mkono. Tone moja tu! Kwa nini? Kwa sababu maji yakikutana na joto kali ghafla yanageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi kubwa mno kuliko maji yenyewe, kwa hivyo unasukuma kila kitu kilicho njiani. Gof ilitokea namna hiyo. Mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yakipanda kutoka chini, yakakutana na maji yaliyokuwa yametulia ndani ya ardhi. Ardhi yote ya juu, miamba kwa miamba, ikarushwa hewani. Kilichobaki ni shimo. Hakuna aliyechimba. Ni maji na moto vilikutana chini ya ardhi.

Pale ukingoni ndipo tulipotandika misala na kusali Adhuhuri, tukaichanganya na Alasiri kwa kuwa tulikuwa safarini. Imamu wetu aliposema Allahu Akbar, sauti ilikwenda ikateremka mle ndani. Nimesali misikiti mikubwa, alhamdulillah, lakini takbira ile naikumbuka mpaka leo.

Baada ya sala kukazuka mjadala, na ndio sababu hasa nimesimama hapa. Kijana wa kidato cha tatu akasema: mwalimu wa jiografia alishatueleza haya, ni joto na maji na mvuke, kwa hivyo ni sayansi, hakuna cha ajabu. Mzee mmoja aliyefuatana nasi akakasirika, akasema watoto wasifundishwe mambo ya mvuke, waambiwe tu Subhanallah na watosheke. Wakaangaliana, na wote wawili wakaniangalia mimi.

Mimi naona kijana amesimama katikati ya njia, na mzee wetu, Allah amhifadhi, naye kasimama katikati ya njia, ila upande mwingine. Kujua kwamba mvuke ndio uliopasua ardhi hakukupunguzii kitu. Mama akijua kwa nini mafuta yanaruka haachi kuyaogopa, bali anayaogopa vizuri zaidi, anajua wapi pa kusimama. Na yule anayesema Subhanallah bila kutaka kujua lolote, kesho ataona shimo jingine na ataisema Subhanallah ile ile, hajaongeza kitu. Qur'ani imejaa amri za kutazama. Kutazama si kupiga selfi. Ni kukaa na kitu mpaka kikwambie habari yake.

Basi tuendelee kukitazama.

Ukiondoka Marsabit kwenda kaskazini, njia ya Moyale, kuna uwanda unaitwa Dida Galgalu. Mawe meusi mpaka macho yachoke, hakuna mti. Mtu anasema hii ni nchi iliyolaaniwa. Na sisi tulisema hivyo. Lakini ukiuliza wenyeji wanaishi vipi, wanakuonyesha visima. Pale Ulanula, chini ya mlima, Waborana wanateremka ndani ya kisima, wanasimama mmoja juu ya mwenzake, wanapokezana ndoo kutoka chini mpaka juu huku wakiimba, na ng'ombe wakisikia wimbo wanajua zamu yao imefika. Maji hayo yametoka wapi katika nchi ya mawe? Yametoka juu. Ukungu unanasa msituni, unadondoka, unaingia kwenye mawe yale yenye vitundu, na mlima unayashika ndani kama sifongo, kisha unayatoa huko chini polepole. Jiwe lile jeusi tunalolidharau ndilo tangi la maji. Ukikata msitu ulioko juu, unafunga mdomo wa tangi. Na watu wanaukata, kwa kuni na makaa na mashamba. Wenyeji wenyewe walitwambia hivyo, wala hawakuficha.

Hapo ndipo kijana mmoja akasema neno lililonishtua. Akasema, "Wao wana bahati, wana mlima. Sisi Garissa hatuna."

Ndugu zangu, nisikilizeni vizuri. Hatuna?

Mto Tana unatoka wapi? Unatoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Na Mlima Kenya ni nini? Ni volkano. Imezimika, imekufa, wanajiolojia wanasema haijalipuka kwa zaidi ya miaka milioni mbili, lakini ni volkano. Wanasema zamani ulikuwa mrefu kuliko sasa, juu yake ikaliwa na barafu na mvua. Kile kilele cha Batian, mita 5,199, kinachochorwa kwenye vitabu vya watoto wetu, ni koo la mlima. Ni mawe yaliyogandia ndani ya koo wakati moto ulipokwisha, kisha ganda la nje likaondoka, koo likabaki limesimama. Aberdare nayo ni kazi ya moto huo huo. Bila moto ule hakungekuwa na mlima, na bila mlima mawingu yatokayo baharini yangepita juu yetu hivi hivi kama yanavyopita juu ya Ijara na Hulugho. Mlima unayasimamisha, unayakamua, na maji yanaanza safari ya kama kilomita 1,000, yanapita mabwawa ya umeme, yanatufikia sisi hapa mahali ambapo mvua haitoshi hata kujaza birika. Miembe ya kando ya mto, ndizi, tikiti maji tulilokula leo magharibi, udhu tuliochukua kabla ya kuingia humu. Yote hayo.

Na ndugu zetu wa mbali na mto je? Mto Ewaso Nyiro nao unateremka kutoka milima hiyo hiyo, unapita Isiolo, unapita Merti chini ya uwanda uliofunikwa kwa lava, unafika kinamasi cha Lorian na kupotea ardhini. Na kufuata njia yake, chini ya ardhi, kuna hazina kubwa ya maji iitwayo Merti. Visima virefu vya Habaswein vinavuta huko. Kambi za Dadaab, ambazo zimewahifadhi mamia ya maelfu ya wakimbizi tangu 1991, zimekunywa kutoka hazina hiyo. Hata Mombasa, wenzetu wa pwani, tangu miaka ya 1950 wanapokea maji ya Mzima, na maji ya Mzima ni mvua iliyoingia katika mawe ya volkano ya Chyulu ikatokea upande wa pili, safi kama kioo. Tena nikiongeza moja: hizi feni zinazozunguka juu ya vichwa vyenu, sehemu ya umeme wake unaopita katika nyaya za taifa ni mvuke wa Olkaria, Naivasha, chini ya volkano.

Kwa hivyo tusiseme hatuna mlima. Mlima tunao, ila uko mbali na tumekuwa tukiunywa bila kuujua.

Allah (S.W.) katika Suratul Baqarah, aya ya 74, anazungumza juu ya watu ambao nyoyo zao zilikuwa ngumu, anazifananisha na mawe. Lakini angalieni kinachofuata. Anayatetea mawe! Anataja kwamba yako mawe ambayo mito hububujika kutoka kwake, na yako yanayopasuka yakatoa maji, na yako yanayoporomoka kwa kumwogopa Yeye. Nimeisoma aya hii tangu duksi, nikiwa mdogo wa kubeba ubao, na nilidhani ni mfano tu. Pale Ulanula, nikisikia ndoo zinavyopokezanwa, ndipo nilipojua kwamba mawe hayo yapo, yana anwani, na unaweza kuyafikia kwa basi.

Sasa nimewasifia sana huu mlima, mtu anaweza kudhani ni bomba la maji. Hapana. Moto wenyewe ni moto. Tarehe 23 Novemba 2025, Jumapili, volkano ya Hayli Gubbi huko Afar, Ethiopia, ililipuka. Wataalamu hawana kumbukumbu ya kulipuka kwake kwa miaka karibu 12,000. Majivu yakapanda angani kilomita 14 hivi, yakavuka Bahari ya Shamu yakapita juu ya Yemen na Oman, yakafika India. Waafar ni wafugaji na Waislamu kama sisi, na malisho yao yakageuka vumbi. Na Goma, Kongo, mlima wa Nyiragongo ulimwaga lava mpaka ndani ya mji Januari 2002, na tena ukamwaga tarehe 22 Mei 2021, watu wakakimbia usiku na magodoro vichwani.

Lakini kisa ninachotaka mkiweke moyoni ni cha mji mwingine, mji tunaoupenda zaidi. Madina.

Waliojaaliwa kwenda Umra au Hija watakuwa wameyaona mawe meusi wanapokaribia Madina. Hizo ndizo harra, ardhi za lava. Mji wa Mtume (S.A.W.) umekaa kati ya harra mbili, na yeye mwenyewe aliutaja kwa mipaka hiyo. Mwaka wa 5 Hijria, makundi yalipokuja kuuvamia, handaki lilichimbwa upande wa kaskazini. Kwa nini upande huo? Kwa sababu pande nyingine zilikuwa na mitende na majumba yaliyobanana, na zilikuwa na harra, ambapo farasi hawezi kukimbia. Lava iliyotoka ardhini zamani za kale ilikuwa ukuta wa Waislamu siku ile, na hakuna binadamu aliyeujenga.

Na katika Bukhari na Muslim imo hadithi ya Mtume kuhusu moto utakaotoka ardhi ya Hijaz, mwanga wake ufike mpaka Busra ya Sham. Mwaka wa 654 Hijria, yaani 1256, mwezi wa Jumada Thani, ardhi ya Madina ikaanza kutetemeka. Siku kadhaa ikitetemeka. Kisha upande wa mashariki ya mji, katika harra, ardhi ikapasuka na moto ukatoka, ukatiririka kama mto, mawe yakiyeyuka. Uliendelea kwa siku 52. Lava ilikwenda kilomita 23. Imam Nawawi aliishi zama hizo, na aliandika kwamba moto huo umetokea. Mwanahistoria Abu Shama wa Damascus alikusanya barua zilizotoka Madina siku zile, na barua zile ndizo zinazonigusa mimi.

Barua zinasema watu waliingia Msikiti wa Mtume, wanaume, wanawake na watoto, wakalala humo wakilia na kuomba. Hilo lilitarajiwa, nani asingelia? Lakini qadhi wa mji alifanya jingine. Alimwendea amiri, akamwambia adhabu imetuzunguka, rejea kwa Mola wako. Na amiri akafanya nini? Akaacha huru watumwa wake wote, na akawarudishia watu mali zao. Mali zao! Maana yake zilikuwa kwake. Zilikuwa kwake siku zote, na kila siku alisali katika msikiti ule ule, mita chache kutoka kaburi la Mtume, na hakuzirudisha mpaka alipoona mwanga mwekundu.

Moto ule haukuingia Madina. Ulisimama. Na hebu sikilizeni kilichofuata, maana mwaka ule una ajabu zake. Haukupita hata miezi miwili tangu volkano inyamaze, usiku wa kwanza wa Ramadhan, mwaka ule ule wa 654, Msikiti wa Mtume uliungua. Uliungua karibu wote. Na haukuunguzwa na mlima. Mhudumu aliingia ghalani na taa, taa ikashika vitu vilivyokuwemo, basi. Mto wa moto wa kilomita 23 ulipita kando, na kandili la mtu mmoja likamaliza kazi.

Nimefikiria sana visa hivi viwili na sina tafsiri ya kuwapa, wala sipendi wale wanaosimama mimbarini kila tetemeko likitokea wakataja dhambi za watu wa mahali hapo kana kwamba wameziona kwenye orodha. Waafar wamekosa nini kuliko sisi? Ninachowauliza ni kile ambacho yule qadhi alimuuliza amiri. Kama usiku huu, hapa Garissa, mbingu ya upande wa Modika ingekuwa nyekundu, ni mlango wa nani ungeukimbilia kabla ya alfajiri? Kuna mwenye duka amekuandika katika daftari lake tangu Rajab. Kuna dada yako ambaye sehemu yake ya mirathi ya ngamia mliigawana nyinyi ndugu wa kiume mkasema yeye ameolewa mbali. Kuna yatima ambaye kiwanja cha baba yake kimepata uzio na uzio si wake. Mnajua, na mimi najua, kwamba mambo haya yapo mjini humu. Wengine tuko saffu moja.

Sisi hatuna volkano hapa ya kutukumbusha. Ardhi yetu imetulia, tambarare, mchanga. Amiri yule alipewa siku 52.

Kuna jambo dogo mnaweza kulifanya nyumbani, na watoto watalipenda. Usiku huu chukueni gilasi, tieni maji ya mto kabla hayajachujwa, ya rangi ya chai ya maziwa kama yalivyo. Iwekeni mahali isiguswe. Mkiamka kwa daku mtakuta maji juu yamekuwa mepesi na chini pamekaa tope laini. Sehemu ya tope hilo imetoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare. Lishikeni kwa kidole. Ni jiwe lililokuwa moto.

Mwisho ni matangazo ya safari, maana wengi wameuliza. Tunakusudia kwenda tena Marsabit baada ya Idd, inshallah. Majina yaandikishwe kwa katibu, na dada zetu watasafiri na walezi wao katika basi lao. Leteni sweta, na mimi sitarudia, mara ya kwanza mlinicheka. Viatu vya kufunga, si ndara, mawe yale yanakata. Hakuna atakayeteremka kwenye gof bila mwenyeji wa kutuongoza, wala kuingia korongo lolote mawingu yakiwa yametanda juu ya mlima, hata kama tulipo sisi jua linawaka. Pale Hell's Gate, Naivasha, vijana waliokuwa matembezini walisombwa na maji ya ghafla mwaka wa 2012, na watalii wengine mwaka wa 2019. Mvua ilinyesha mbali na walipokuwa. Wazazi wenye maswali tubaki kidogo tuzungumze. Na yule ndugu aliyesema ni shimo tu, kiti chake nimekiweka mbele kabisa, karibu na dereva.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.